Mng'aro wa Mgeni Rasmi

*Usiku, katika nyumba ya wageni kando ya njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Nje malori ya Rwanda na Burundi yameegeshwa. Mapokezi pana kaunta ya marumaru iliyoletwa kutoka Morogoro, na juu yake vimesahauliwa nusu limao na kipande cha stilwaya. Dekio limeegemea ukuta. Mlangoni, jiwe la kusagia lililotoka Ngara limewekwa kuzuia mlango usijifunge. Kesho anatarajiwa mgeni rasmi.*

MARUMARU: Shikamoo, Bibi.

JIWE: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umepauka hivyo? Ulipoletwa hapa wahudumu walikuwa wakifunga vilemba kwa kujitazama kwako.

MARUMARU: Muulize Limao. Kila samaki akitoka jikoni, huyu anakatiwa mgongoni kwangu.

LIMAO: Mimi sijamkwaruza mtu. Meno ninayo?

JIWE: Meno huna, asidi unayo. Mwili wa huyu mtoto ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka yakawa fuwele. Asidi ikiligusa jiwe la namna hiyo, inalila. Yale maduara yaliyofifia si uchafu, ni mahali palipoliwa. Chupa ya soda inafanya hivyohivyo, siki nayo, na ile dawa ya choo wanayoisifia ndiyo mbaya kuliko zote. Halafu wanasugua kutwa kutafuta uchafu ambao haupo.

STILWAYA: Samahani, itifaki izingatiwe! Mimi ndiye Mkurugenzi wa Usafi. Nina uzoefu wa sufuria za ugali, sufuria za maharage, sufuria za wali ulioungua, kikaango cha chipsi, birika, rimu za bodaboda, na jiko la mkaa ambalo watangulizi wangu wawili walilishindwa. Nimehudhuria semina ndani ya ndoo. Nimekaimu nafasi ya brashi kwa muda mrefu bila posho. Nimeletwa hapa kwa barua.

DEKIO: Barua gani? Umeletwa na mfuko wa rambo.

STILWAYA: Mfuko ulikuwa na muhuri wa duka.

JIWE: Mkurugenzi, sikiliza. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, marumaru ni 3. Chuma chako kinamzidi. Mchanga wa barabara hii una chembe za kwazi, na kwazi ni 7. Vumbi tu la viatu vya dereva linatosha kumchuna, sembuse wewe uliyesokotwa kwa nyuzi za chuma. Hizo alama za duaraduara karibu na kitabu cha wageni ni saini yako.

DEKIO: Mchanga huo naubeba mimi, Bibi, sikatai. Asubuhi nachovywa ndoo, napitishwa sakafuni. Sakafu ni vigae vya kauri, havijali limao, na mchanga vinaustahimili zaidi. Kisha nasuuzwa katika maji yaleyale yaliyokwisha kuwa uji, napandishwa kaunta. Wanaona kimeng'aa chini, kitang'aa na juu.

JIWE: Hapo ndipo ujinga ulipo. Kauri na marumaru kwao ni kitu kimoja kwa sababu vyote vinateleza.

MARUMARU: Lakini jioni nimeng'aa, Bibi! Wamenipaka mafuta ya alizeti. Meneja alipiga picha.

JIWE: Uling'aa mpaka saa ngapi?

MARUMARU: Mpaka basi la Ngara lilipopita.

JIWE: Na sasa vumbi lote la basi umelivaa. Mafuta hayo yanaingia kwenye vinyweleo vyako, yakichacha utakuwa na mabaka ya manjano. Mng'aro wa jiwe haupakwi, mwanangu. Mwanga unaruka vizuri juu ya uso uliosawazishwa. Uso ukiwa na mikwaruzo, mwanga unatawanyika, nawe unaonekana umepauka. Basi dawa ni kusawazisha, yaani kupunguza jiwe lenyewe, kidogo kidogo, mpaka chini ya mkwaruzo.

STILWAYA: Kumbe kusugua! Si nilisema mimi?

JIWE: Kusugua kwa utaratibu, bwana mkubwa. Kwanza pitisha ukucha. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, aitwe fundi mwenye mashine na pedi za almasi. Usiponasa, hapo ng'ambo yupo fundi wa kupiga rangi magari, ana msasa wa maji. Kaunta ioshwe kwa sabuni laini, mafuta yote yatoke. Uanzwe msasa namba 800, maji mengi, mkono mwepesi, na usuguliwe uwanja mpana kuliko mkwaruzo, usije ukachimba kibonde. Ule utope mweupe ufutwe wote, kwa sababu chembe moja ya msasa mkali ikibaki itakwaruza upya. Halafu 1500, halafu 3000. Kila namba inafuta alama za namba iliyotangulia. Ukiruka moja, alama za iliyotangulia zitakusubiri mwishoni zikucheke.

LIMAO: Na mwisho?

JIWE: Mwisho ni poda ya oksidi ya bati na kitambaa chenye unyevu, usugue mpaka jiwe lirudishe sura yako. Madini ya bati yanachimbwa Kyerwa, mkoa wetu huuhuu wa Kagera! Tunayafunga kwenye magunia yaende zake, tunarudi kupaka alizeti.

MARUMARU: Meneja anasema nipakwe dawa ya kuziba vinyweleo, yaishe.

JIWE: Hiyo inachelewesha chai na mafuta kuzama. Limao hailizuii. Limao walikatie kwenye ubao.

DEKIO: Bibi, wewe jiwe la uani, haya umeyajulia wapi?

JIWE: Mimi kazi yangu ni kusugua na kusuguliwa. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya laki mbili kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo wakajaa kambi ya Benaco, nilisaga mchana na usiku. Na nikuambie siri ya ukoo wetu: kwetu mng'aro ni ugonjwa. Jiwe la kusagia likishalainika, ulezi unateleza tu, hausagiki. Bibi mwenye nyumba analigongagonga upya kwa jiwe lingine mpaka lirudishe meno. Hakuna aliyewahi kunipaka mafuta ili nionekane nasaga.

STILWAYA: Lakini mgeni rasmi ni kesho. Hizo namba 800, 1500, nani ana muda?

JIWE: Muda! Kaunta imepauka tangu mwaka jana, mlikuwa wapi? Ninyi ni walewale. Akitajwa mgeni rasmi, mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa, vumbi linamwagiwa maji, mti uliokwisha kauka unachimbiwa shimo, na mgonjwa anapewa shuka ambalo litachukuliwa jioni. Mnaona aibu ya kuonekana wachafu, aibu ya kuwa wachafu hamna. Mtu mmoja angepewa msasa wa maji na siku nzima angeimaliza kazi hii. Badala yake mmekaa kikao, mkanunua soda za kikao, na chupa za soda mkaziweka wapi? Juu yake!

DEKIO: Mkaziweka juu yake!

JIWE: Usinirudie maneno, Dekio. Kasuuzwe.

*Msafara ulipita saa tatu asubuhi ukielekea Rusumo. Haukupunguza mwendo. Mwenye nyumba hakuuliza msasa unauzwa wapi. Ameagiza kaunta mpya, nyeupe zaidi, na ameambiwa itafika kabla ya mgeni rasmi mwingine.*