Jinsi ya Kulaumiwa na Nchi Nzima: Mwongozo kwa Mwendesha Gridi Mpya

Hongera kwa kazi mpya. Umeme ukiwaka, hakuna atakayeuliza jina lako. Ukikatika, utatajwa wewe pamoja na mama yako. Zoea mapema.

Ipende namba moja: hezi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani ukasubiri wateja. Unaozalishwa sasa ndio unaotumika sasa. Watu wakivuta zaidi ya kinachozalishwa, mitambo yote inapunguza mwendo na hezi zinashuka: 49.9, 49.8. Kuanzia saa moja jioni, taa, feni na televisheni zinapowashwa kwa pamoja, usiache kiti hata kwa chai. Waagize wa vituo vya umeme wa maji vya Kidatu na Mtera waongeze, upesi.

Fuatilia mpira, ila macho yako yawe kwenye hezi. Mwaka 1990, Uingereza ilipotolewa kwa penalti na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, watazamaji waliinuka kuchemsha maji ya chai, na mahitaji yakaruka kwa megawati 2,800. Bwawa letu la Julius Nyerere, na mitambo yake yote tisa, ni megawati 2,115. Kwa hiyo ratiba ya mechi ni nyenzo yako ya kazi, na bosi akikukuta nayo usione haya.

Mheshimu tumbili. Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikaelemewa ikajizima nayo, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Basi kila zamu jiulize: mtambo wangu mkubwa kuliko yote ukichomoka sasa hivi, nina akiba ya kuziba pengo? Kama huna, kata mtaa mmoja kuokoa mikoa. Watu wa mtaa huo hawatakushukuru. Kata hata hivyo.

Gridi ikianguka yote, simu zitalia kwa mpigo, na wakubwa watakuuliza dakika ngapi. Usiwape dakika. Anza na kituo cha umeme wa maji kinachoweza kujiwasha chenyewe, peleka umeme kwenye laini moja, ongeza wateja wachache, ngoja hezi zitulie, ongeza tena. Ukirudisha miji yote kwa mkupuo, gridi itaanguka upya.

Na kabla ya kuagiza swichi yoyote ifungwe ili umeme upite, mwambie fundi wa kituoni arudie: jina la laini, namba ya swichi, na jina la aliyethibitisha kwamba watu wake wote wameshuka nguzoni. Akikosea neno moja, aanze upya. Hapa usimhurumie mtu, hata kama waziri yuko kwenye simu ya pili. Aliye juu ya nguzo ana watoto wanaomsubiri nyumbani.

Nawe msomaji usiyeendesha gridi, siku giza likiingia na jirani akawaka kabla yako, hajapendelewa. Laini yake imetangulia. Zima pasi, zima kiyoyozi, chomoa friji, uache taa moja tu ya kukuarifu umeme ukirudi. Mzigo wako ukiwa mdogo, laini yenu itawashwa bila kujizima tena.