Sifa za Mkorofi wa Mkutano wa Mtaa

Kila siku wanasifiwa wasiostahili. Yupo aliyekata utepe wa kisima kisichotoa maji akapigiwa vigelegele. Yupo aliyeahidi kalavati mwaka wa uchaguzi akabebwa juu juu. Acha leo nimsifu mtu ambaye makofi anayopigiwa ni ya kumnyamazisha tu: yule mkazi anayenyoosha mkono kabla ajenda hazijasomwa, anayesema "Mwenyekiti, mimi nina mambo matatu tu," kisha la kwanza likala nusu saa. Tandale yupo, Mbagala yupo, Chanika yupo. Wanamwita mkorofi. Wengine humwita mpinzani, ingawa kadi yake ya chama tawala ni kuukuu kuliko ya diwani. Mtendaji wa mtaa hamwiti chochote; akimwona anasimama, hufunika kalamu.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba huja. Si jambo dogo. Kwa sheria zetu za serikali za mitaa, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na vijijini unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Mtaa mmoja wa Dar es Salaam una watu maelfu. Wangekuja wote ingebidi kuazima uwanja wa mpira. Lakini turubai moja na viti vya kukodi hutosha, na vingine hubaki vimepandana pembeni. Gari la matangazo limepita tangu jana, kila nyumba imesikia, kila nyumba ikaamua kwamba jirani ataenda. Jirani huyo ni yeye. "Hana kazi," husema wasiompenda. Huenda. Ila kazi ya kukaa juani kumsubiri mgeni rasmi wa saa nne anayefika saa saba lazima ifanywe na mtu, na sisi wenye kazi hatujawahi kuigombea.

Kisha hurudia, na hapa ndipo kipaji chake kilipo. Hoja yake ni mtaro. Aliutaja mwaka juzi, akautaja mwaka jana, na leo ataanzia pale ulipoanza kuziba: kifusi cha nyumba ya kona, halafu chupa za plastiki, halafu mchanga, halafu masika. Hatawasahau wale wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo, na kilichoelea hadi barazani kwake atakieleza kwa ufasaha unaowafanya waliokuja na maandazi wayarudishe mfukoni. Watu huguna: yale yale! Hawajui kwamba wanamsikiliza bingwa wa taratibu za serikali. Neno la mkutanoni lina safari ndefu. Mtendaji aliandike kwenye muhtasari. Liende kamati ya maendeleo ya kata, ambako mwenyekiti ni diwani. Likivuka hapo liingie halmashauri, lisubiri kikao cha baraza la madiwani, ligombee nafasi kwenye bajeti inayoanza Julai. Njiani kuna mahali pengi pa kulala. Neno lililosemwa mara moja tu, kwenye mengineyo, jua likizama na watu wakikunja viti, halifiki hata ofisi ya kata. Kwa hiyo yeye halisemi neno lake, analisindikiza.

Diwani naye ana majibu yake, na mengi ni ya kweli, jambo linalouma zaidi. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017. Maji yana mamlaka yake, umeme una wenyewe. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa ya halmashauri kukusanya, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo ukinunua umeme wa kuwashia taa umelipia na paa. Diwani aliomba kura kwa ajili ya vitu ambavyo vingine hana ufunguo wake. Akisema "hilo haliko mikononi mwangu," mtu muungwana hukubali akakaa. Mkorofi hubaki wima na kuuliza swali la kijinga kuliko yote: "Mheshimiwa, kodi ya jengo nakatwa. Mtaro unaopita mlangoni pa jengo ni wa nani?" Kicheko. Mwenyekiti anagonga meza. Lakini diwani mwenye akili hulichukua swali hilo hilo hadi barazani, akawaambia wakuu wa idara kwamba wananchi wamemkaba koo. Asingekuwapo wa kumkaba, angewaambia nini?

Tuliwahi kujaribu kuishi bila bughudha hizi. Kuanzia 1972, mfumo wa madaraka mikoani ulizifuta halmashauri, mambo ya wakazi yakawa ya maofisa waliopangwa kutoka juu. Ukimya ulipatikana. Huduma za mijini zikadorora kiasi kwamba mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na sheria za 1982 zikausuka upya mfumo mzima. Wataalamu wana sababu zao nyingi za kitabuni. Mimi nadhani nchi ilimkumbuka mkorofi.

Wanasema pia ni mbinafsi: kero anayoiita ya mtaa ni ya ukuta wake, na kelele za baa anazozipigia mbiu ni za dirisha lake. Kweli kabisa. Nani mwingine angejua baa inafunga saa ngapi?

Lakini kilele cha utukufu wake huja pale anapotamka maneno manne: mapato na matumizi yasomwe. Turubai zima hupoa. Waliokuwa wakimzomea hunyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuja na swali hilo limekunjwa moyoni. Ada ya taka inatozwa, gari la taka halionekani. Mchango wa ulinzi shirikishi umetolewa, filimbi ya usiku haisikiki. Kwa nini wao hawakuuliza? Kwa sababu kesho utahitaji barua ya serikali ya mtaa: ya kufungulia akaunti benki, ya kitambulisho cha taifa, ya kumwekea mwanao dhamana polisi. Mhuri uko kwenye droo ya mtu unayetaka kumuuliza hesabu. Mkorofi barua zake alishaandikiwa zamani, au ameshazoea kuzungushwa, kwa hiyo hana cha kupoteza. Mtendaji anapekua mafaili, anasema kitabu kimebaki ofisini. Ofisi iko hatua ishirini kutoka pale. "Tutasubiri," anasema mkorofi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anakaa.

Lipo moja nimelitafutia sifa nikaikosa. Kinamama wanaoamka usiku wa manane kukinga maji huja na hoja fupi, iliyo tayari, na wanaweza kutaja hata saa bomba linapoanza kukoroma. Wanapewa nafasi yeye akimaliza, yaani karibu na adhana ya magharibi, wakati wajumbe wameshaanza kutafuta viatu. Kwa hili anastahili kuvutwa shati.

Kwa mengine yote namtetea, isipokuwa nawasihi msimpe cheo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 umepita, mwingine utakuja, na kuna watu wenye nia njema watakaosema: kwa kuwa anajua sana, tumpe ujumbe. Msithubutu. Mpe mkorofi kiti cha mbele na chupa ya maji ya baridi, na kabla mikutano miwili haijapita atakuwa amejifunza kusema "linafanyiwa kazi" kwa sauti ya upole, huku akifunika kalamu. Mtaa utakuwa umepata kiongozi mmoja zaidi, na viongozi tunao. Abaki alipo, kwenye kiti chenye mguu uliopasuka, karibu na spika.

Na wewe msomaji, gari la matangazo likipita tena, nenda. Kaa nyuma yake. Akifika kwenye mapato na matumizi, usimwachie asimame peke yake.