Sifa za Buti la Kukodi

Milima ina watu wa kutosha wa kuisifu. Theluji imesifiwa, jua linapochomoza juu ya theluji limesifiwa, na hata kikombe cha chokoleti ya moto kinachouzwa kwa bei ya kuku mzima kimepata watetezi. Mimi leo nasimama kumsemea asiye na msemaji: buti la skii. Tena si lile la tajiri, lililopashwa moto likafinyangwa kwa umbo la mguu wake. Nasema la kukodi, lililokwisha kupokea nyayo za watu mia wasiojuana.

Kundi letu la WhatsApp la safari ya skii lilianza Oktoba likiwa na watu kumi na wanne. Siku ya kulipa ilipofika tukabaki watano: mimi, shemeji yangu, dada mmoja wa Bukavu ambaye ni muuguzi kule Aurora, kijana wa Mombasa, na mwenzetu wa Machame, ambaye tangu tunatoka Denver alikuwa akitukumbusha kwamba yeye theluji ameizoea, kwa kuwa ameiona kila asubuhi ya utoto wake. Kuiona, sawa. Akiwa mgombani. Tukapanda na barabara ya I-70, tukapita handaki la Eisenhower lililo kwenye mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, tukateremkia Breckenridge, mji uliozaliwa 1859 na wachimba dhahabu na ambao siku hizi unachimba mifuko ya wageni. Mji wenyewe uko kwenye mita 2,900 na ushei, na lifti yake ya juu kabisa, Imperial, inakushusha juu kuliko kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Mwenzetu wa Machame aliposikia hilo alinyamaza. Nadhani ni mara hiyo tu.

Dukani, fundi aliniuliza uzito wangu, urefu, umri, na kama nateleza kwa woga au kwa ujasiri. Nikamwambia kwa woga, aandike hata kwa wino mwekundu. Akapima unyayo kwa sentimita: 27.5, na hiyo ndiyo namba ya buti, haina fumbo. Kwa majibu hayo, pamoja na urefu wa soli uliochongwa karibu na kisigino, anakaza springi ya kishikizo kinacholiunganisha buti na skii, ili ukianguka kiachie kabla mfupa haujaachia. Kwa hiyo swali la uzito si la umbea. Mmoja wetu, simtaji, alijipunguzia kilo kumi na mbili mbele za watu. Kishikizo kilimwamini. Kutwa nzima skii zilikuwa zikimtoka kila akigusa kituta.

Sasa sifa zenyewe. Buti hili linafundisha adabu. Limeundwa likiegemea mbele. Ukishalifunga bizimu zake nne, kifundo cha mguu kimetiwa kifungoni na magoti yamekunjika, utake usitake. Huwezi kusimama wima ukaringa. Soli yake haikunjiki, basi unatua kwa kisigino, ko, ko, ko, mwendo wa bata aliyetoka hospitali. Kijana wa Mombasa alikuja na koti la bei mbaya na miwani ya kujionea ndani. Alitoka dukani akiwa bata. Nyuma yake akatoka mzee mmoja aliyeonekana kama anamiliki nusu ya mlima, naye bata vilevile. Mahali ambapo tiketi ya lifti ya siku moja hupita dola 200 msimu ukikolea, usawa wa binadamu umebaki miguuni.

Lina ukarimu pia. Zamani watu waliteleza na mabuti ya ngozi ya kufunga kwa kamba. Ngozi ikilowa inalegea, mguu unakwenda huku na skii kule. Mwaka 1937 Mnorwe mmoja mhamiaji wa Oregon, Hjalmar Hvam, alivunjika mguu akiteleza, na wazo la kishikizo cha kuachia likamjia akiwa hospitalini. Miaka ya 1960 Bob Lange, Mmarekani wa Iowa, akaleta buti la plastiki. Vifundo vikapumua. Magoti ndiyo yaliyorithi, kwa kuwa chini ya goti mguu umekuwa kipande kimoja na kishindo cha kuanguka lazima kitafute pa kutokea. Wabaya wa buti huita hiyo dosari. Mimi naona ni uungwana: mzigo haukutupwa, umehamishiwa ghorofa ya juu.

Lakini sifa yake kubwa niliiona asubuhi ya pili. Usiku tulikuwa tumeyaacha mabuti garini. Wenyeji huyaingiza yao ndani kama watoto, nasi hatukuuliza kwa nini. Plastiki ikilala kwenye baridi inakakamaa kama kauri. Nikakaa kwenye buti la gari nikivaa buti, milango wazi, upepo unatukata masikio. Mguu ukaingia nusu, ukagoma. Shemeji akapiga goti kwenye theluji akashika kisigino. Dada wa Bukavu akavuta ulimi wa buti kwa mikono miwili, sauti ya wodini: "Sukuma, kaka, sukuma! Pumua! Tena!" Watu wa gari la jirani wakageuka. Upinde wa unyayo ukachomwa na moto wa ajabu, halafu, pu, ukaingia, na wote watatu tukaanguka chali tukicheka. Miaka kumi na moja tumekuwa mashemeji, tunapeana mkono na kuulizana habari za nyumbani. Siku hiyo ndiyo ya kwanza amenishika mguu.

Mwenzetu wa Machame hakuhitaji msaada wa mtu. Fundi alikuwa amemwambia avae soksi jozi moja nyembamba. Yeye akavaa tatu, za sufu. Mguu uliobanwa haupitishi damu. Saa nne asubuhi alikuwa na vidole kumi kwa imani tu.

Na uaminifu je? Kwenye Silverthorne, njia ya kijani ya wanaoanza pale Peak 9, nilipigwa mwereka uliochukua muda mrefu kuliko hotuba hii. Kofia ilihama. Miwani ilihama. Skii moja ikaenda kusimama chini yangu, nyingine ikabaki juu. Marafiki niliowatilia petroli wakapita, na mmoja akanipungia mkono. Buti halikwenda popote. Lilinishika ugoko kama mdai. Nikapiga ncha yake kwenye theluji, pakawa kidato. Nikapiga tena, kingine. Nikapanda kuifuata skii yangu kama mtu anayepanda dari. Niambie ni rafiki gani mwingine siku hiyo aliyenitengenezea ngazi.

Saa kumi jioni tulikaa watano kwenye benchi moja. Bizimu ya kwanza, ta. Ya pili. Hakuna aliyesema kitu. Buti lilipotoka, mguu ulifuka moshi, na dada wa Bukavu akafumba macho, akatoa mguno ambao kwa heshima yake nitauacha hapo. Chokoleti ya moto haijawahi kumfanyia mtu hivyo, wala machweo ya mlimani.

Jumapili tuliyarudisha. Fundi akayapulizia dawa ndani, akayapanga rafuni, wala hakuuliza yalituhudumiaje. Langu lina mkwaruzo mwekundu ubavuni. Ukifika Breckenridge ukapewa hilo, lilaze ndani usiku, vaa soksi nyembamba, na uende na shemeji. Ugoko wangu ulipona siku ya nne.