Namna ya Kuipandisha Seva Basi la Iringa

Fundi wangu wa Mbeya, hiyo diski ya nje uliyoilaza juu ya seva, ikila umeme wa soketi ileile, usiiite bakapu. Radi ya Januari ikipiga, zinaungua zote mbili, nawe unamwachia Mungu kesi.

Izime seva usiku. Naam, izime! Kanzidata inayoendelea kuandikwa wakati unainakili hutoka nusu ya jana, nusu ya leo. Washa mashine kwa flashi yenye programu ya Clonezilla, kisha nakili diski nzima iwe taswira moja kwenye ile diski ya nje: mfumo endeshi, mipangilio, hata ile sehemu ndogo ya kuwashia ambayo haina anayeikumbuka mpaka seva igome kuwaka. Ifunge taswira hiyo kwa nywila, maana diski ikipotea njiani, siri za wateja zisivuje nayo.

Sasa ipeleke diski hiyo kwa mwenzako wa Iringa, mbali na radi ya Mbeya, na si kwa intaneti. Terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku 9 na ushee, hapo umeme haujakatika. Basi linapita Uyole, Makambako na Mafinga, na siku hiyohiyo limefika.

Lakini kabla ya kumkabidhi konda, andika lebo: seva ipi, tarehe gani, ukubwa gani. Watu wa Iringa wanajua machungu ya kitu kisicho na lebo. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiamuru Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi 6. Lilirudi Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954, tena baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kulichagua kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa. Wapo wanaouliza hadi leo kama ndilo. Wahehe hawakustahili shaka hiyo, na mimi sioni sababu ya kuigawia familia nyingine yoyote, hata kwa faili la mgonjwa au cheti cha mwanafunzi.

Kule Iringa, mwenzako airejeshe taswira kwenye diski isiyo ndogo kuliko ya kwanza, aiwashe bila waya wa mtandao, seva mbili zisije zikagombea anwani moja. Kisha amwite mhasibu atafute risiti ya mwisho iliyoingizwa kabla hujaizima. Isipoonekana, chukua flashi, uanze upya usiku huohuo.