Kutu Si Cheti cha Kuzaliwa

Muuza vitu vya kale hakuuzii jambia peke yake. Hukuuzia jambia pamoja na marehemu wake. Ingia duka lolote la namna hiyo Mji Mkongwe, onyesha kwa kidole jambia lililotundikwa baina ya saa mbovu na picha ya Sultani, uone. Hutaambiwa urefu wake wala chuma chake. Utaambiwa lilikuwa la nani. Na huyo nani hajapata hata siku moja kuwa mvuvi, au muuza urojo, au karani wa karafuu. Daima ni liwali, kadhi, au Seyyid Barghash mwenyewe. Nimeshaonyeshwa majambia ya Seyyid Barghash mengi mno, hadi najiuliza bwana yule, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888 na kutuletea maji ya mfereji mjini, alipata wapi wasaa wa kuyavaa yote.

Mwenye duka mmoja alinitolea upanga ambao sonara alikuwa ameubandika riale ya Maria Theresa kwenye mpini.

"Soma mwenyewe, sheikh. Elfu moja mia saba na themanini."

Nikasoma, na kweli ndivyo ilivyoandikwa. Lakini riale ile ina vituko vyake. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki mwaka huohuo wa 1780, na tangu hapo fedha yake imeendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani hii walikuwa hawaamini riale isiyo na sura ya bibi yule aliyenenepa vizuri. Imepigwa Vienna, ikapigwa Roma, ikapigwa London, ikapigwa hadi Bombay. Kwa hiyo riale ya 1780 yaweza kuwa imezaliwa baada ya babu yako. Uzito wake ni zaidi kidogo ya gramu 28, fedha yake nzuri, ndiyo sababu masonara wa Maskati na wa Unguja waliiyeyusha bila huruma wakafanyia ala na mapambo ya majambia. Nikamweleza mwenye duka yote hayo kwa adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaisugua sarafu kwa kidole gumba, akafikiri.

"Haya, basi tuseme 1781."

Upanga wenyewe, ukiuondolea riale na maneno, haukuwa mbaya. Ulikuwa ule wa Kimanga ulionyooka, wenye makali pande mbili, mpini mrefu wa mviringo na bila kikinga mkono chochote. Bapa lake ni jembamba, linatikisika. Wacheza razha, ngoma ya panga ya Oman, huushika juu wakautetemesha kwa kifundo cha mkono mpaka chuma kikalia, na wengine huurusha hewani na kuudaka, mchezo ambao siupendekezi kwenye sebule yenye panka. Mabapa mengi ya panga hizi hayakufuliwa Oman. Yalitoka Ulaya, hasa mji wa Solingen huko Ujerumani, yakaja na wafanyabiashara, yakavishwa mpini na ala huku. Ndiyo maana mtu anayejua hutafuta alama kwenye bapa kwanza, hadithi baadaye.

Alama iliyo maarufu kuliko zote ni ya mbwa mwitu anayekimbia. Ilianza kwa mafundi wa Passau, wa Solingen wakaichukua, kisha kila mhunzi aliyetaka bei nzuri akaiiga. Si picha hasa. Ni mikwaruzo michache ya patasi aliyoiacha mtu mwenye haraka. Kwenye upanga ule niliiona, nikainama, nikatoa lenzi. Nikasema: mbwa mwitu. Mwenye duka akasema ni simba, nembo ya ukoo. Kijana wake wa kufagia akasema hiyo ni ramani ya Pemba. Mke wangu, aliyekuja kwa kazi moja tu ya kuhakikisha sinunui, akaitazama sana, akatamka kwamba ni mbuzi, tena mwenye mimba.

Nilinunua. Bei ya mbuzi, sikutoa ya simba.

Wengi hudhani kutu ndiyo umri. Kisiwani kwetu, acha kisu kipya uani kwa masika moja, ukikitoa utaapa kimefukuliwa kwa Firauni. Anayeghushi hana haja ya kungoja masika: ana siki, ana ndimu, ana chumvi, ana udongo mbichi. Kutu ya harakaharaka ni nyekundu, inachafua vidole, na imekaa pale tu jicho la mteja linapofika. Chuma kilichozeeka kwa utulivu huwa na weusi wa kahawia uliogandamana, nao huendelea hadi ndani kabisa mpini unapoanzia. Mimi huangalia zaidi mahali palipolika. Jambia lililovaliwa miaka mingi husuguana na tumbo la mwenyewe, basi nakshi za fedha upande wa ndani wa ala hulainika, za nje zikabaki na ncha. Mghushi hukumbuka kutia kutu. Tumbo huwa analisahau.

Na ukisikia mtu anashusha sauti akikwambia mpini ni pembe ya kifaru, aga uondoke. Mara nyingi ni pembe ya ng'ombe au ya nyati, au plastiki iliyopakwa rangi ya chai. Ikiwa ni uongo, umeibiwa. Ikiwa ni kweli, umefungwa, maana biashara ya pembe ya kifaru baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku tangu 1977.

Arusha kuna uchangamfu wa aina nyingine. Kule nilipewa sime ya Kimasai "ya babu wa babu, miaka mia mbili kasoro". Ala nyekundu ya ngozi, safi. Nikaichomoa. Katikati ya bapa palikuwa na tundu la duara, limechongwa kwa ustadi wa kiwanda. Lile ni tundu la bolti inayoshika springi za gari. Wahunzi wamekuwa wakifulia sime kwa springi za magari tangu magari yaanze kuvunjika kwenye barabara zetu, na chuma chake ni kizuri sana. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni babu wa babu. Nilimuuliza muuzaji kama mzee yule alikuwa na Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa 1948. Hakutetereka. "Alikuwa na uwezo," akasema.

Nilipata sime nyingine, ya kweli kuukuu, kwa mzee ambaye hakuwa na hadithi yoyote. Alisema tu alikuwa akiitumia, sasa haitumii. Shida ikawa kuvuka nayo bandarini. Mtambo wa mizigo ukaionyesha, nikaitwa pembeni.

"Hii nini, mzee?"

"Ya kale hiyo, kijana wangu. Ya kutazama."

"Inakata?"

"Zamani."

Akaijaribu kwenye kamba ya boksi langu. Ikakata. Tukatazamana. Wakaja wenzake, na abiria wawili watatu waliokuwa hawana haraka, kila mmoja akaishika, akaipima mkononi, akatoa hukumu. Mmoja akasema ni ya Kisomali. Boti ikaondoka bila mimi.

Lakini hao wote si kitu mbele ya mtu wa nyumbani mwenye shughuli. Mama mkwe alikuja kutoka shamba na fenesi limeiva, harufu ilitangulia mlangoni. Visu vya jikoni kwetu vikamshinda. Akatazama ukutani, nilikoitundika ile sime. Sime, kwa asiyeijua, ni nyembamba karibu na mpini, halafu inapanuka kuelekea nchani, uzito wote uko mbele. Ukiishusha, inakwenda yenyewe. Mama aliligundua hilo bila kufungua kitabu. Nilipoingia alikuwa chini kwenye mkeka, ameipaka mafuta ya nazi kama desturi ili ulimbo usigande, anapasua fenesi kwa mapigo ya mtu aliyezaliwa Longido.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki ndicho kisu. Mbona mmekitundika, na jikoni mnakatia vitunguu bati?"

Nikasema ahsante, mama. Mkwe hajibiwi. Mafuta ya nazi hayakunisumbua; chuma kikuukuu hupenda mafuta, ingawa mimi hutumia mepesi ya cherehani. Lililonisumbua ni kwamba alipomaliza, kwa ustaarabu wake, aliifuta juujuu akairudisha ndani ya ala. Mafuta hayakufika kila mahali, ulimbo ukafika. Kesho yake sime na ala yake walikuwa wameoana, na talaka ilipatikana kwa mafuta ya taa, tone kwa tone, siku nzima, huku nyumba ikinuka chemli.

Na tukitaja kuoana, huko ndiko ulikokwenda upanga wangu wa mbuzi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa, na bwana harusi wa kwetu akitaka kuonekana huvaa joho na kilemba, jambia kiunoni, upanga mkononi. "Ami, niazime." Nikampa kwa masharti: usiuchomoe, usimpe mtoto, usiuache kwenye gari. Yote aliyatimiza. Hakuna sharti nililotia kuhusu mashangazi wa bibi harusi.

Walifunga mlango wa chumba wakidai haki yao, kama ilivyo ada. Kanzu ya bwana harusi ilikuwa mpya na mifuko yake bado imeshonwa. Simu ilikuwa na hela ila mtandao haupo. Vigelegele vinapanda, watu wanasukumana ukumbini, bwana harusi anatoka jasho ndani ya joho. Shangazi mkubwa akanyoosha mkono, akauchukua upanga, akafungua mlango.

"Ami, ningefanyaje?" aliniuliza baadaye. "Wimbo ulikuwa umeshaanza."

Nilikwenda mwenyewe kwa shangazi mtu. Alinikaribisha kwa heshima, kahawa, halua, na mazungumzo marefu kuhusu mvua. Upanga ulikuwa juu ya kabati, karibu na vikombe vya wageni. Nikamweleza kwamba ni kitu cha kale, chuma cha Solingen. Akasema rehani ni rehani, hata ingekuwa sufuria, na kwamba yeye hamdai mtu mzima mwenye heshima zake kama mimi, anamdai mkwewe.

Mkwewe akalipa nusu. Jioni ile mtoto akabisha hodi kwangu na kifurushi kirefu cha gazeti, nikakifungua kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na ala, tupu. Nusu iliyobaki, kijana anasema, ataitoa wakijaaliwa mtoto.