Mkwawa Kafa Mara Nne Wiki Hii

Ukutani mwa ofisi ya walimu ya shule yetu, hapa Iringa, imebandikwa karatasi inayoitwa ratiba. Fumba macho, chomeka kidole popote, utakuwa umeangukia jina langu. Zamani tulikuwa watatu wa Historia. Mmoja kapata uhamisho kumfuata mumewe Mwanza, mwingine yuko likizo ya uzazi, na aliyebaki ndiye huyu anayewaandikia huku chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. Vipindi 31 kwa wiki, Kidato cha Kwanza hadi cha Sita. Nilimwendea mwalimu wa taaluma, kijana wa Fizikia ambaye ningeweza kumzaa, nikamwomba kwa upole anipunguzie japo vitatu. Akanitazama kama nimemwomba asogeze mlima.

"Madam," akasema, "Historia si unasimulia tu?"

Sijamsamehe. Umeme anaoufundisha leo ndio ule ule niliofundishwa mimi nikiwa na sketi ya shule: unaingia kwenye waya huku, unatokea kule. Somo langu linaongezeka kila jua linapozama. Nilipoanza kazi, orodha ya marais wa nchi hii ilikuwa inaishia kwa Mkapa. Sasa nimefika wa sita, na ubao ni ule ule. Hajawahi kutokea mtu wa wizarani akasema, jamani, kuanzia leo karne ya kumi na saba imefutwa, mpumzike.

Lakini wingi wa vipindi ningeuzoea. Kinachonimaliza ni kwamba mtu mmoja natakiwa nimuue kivingine kila darasa. Mtu mwenyewe ni Mkwawa, Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Ukifundisha Historia Iringa humkwepi, hata silabasi ikikuruhusu. Mambo yake kwa kifupi ni haya: tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi lake lilikisambaratisha kikosi cha Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, akabaki pale pale. Wajerumani wakarudi 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mtwa, wakamsaka porini miaka yote iliyofuata, na Julai 1898, walipomkaribia, akajipiga risasi. Kichwa wakakikata wakaondoka nacho. Wiki hii kafa mara nne, zote mikononi mwangu.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, Kidato cha Kwanza. Hawa ndio wenye lile somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo linafundishwa kwa Kiswahili, wakati vidato vya juu bado nawapa Historia ile ya zamani kwa Kiingereza. Kengele ikilia, ulimi wangu unakata kona kama lori la Kitonga. Mara mbili sasa nimeingia Kidato cha Tatu nikafungua kinywa kwa Kiswahili safi, na darasa zima likapiga makofi kama nimetangaza uhuru. Nikirudi chini nawasalimia watoto kwa Kiingereza, wananyamaza wote, wanadhani wamekosea kitu.

Enzi za mtaala wa zamani Kidato cha Kwanza kilikuwa na taabu yake nyingine. Tulikuwa tunaanza na binadamu wa kale. Nasimulia jinsi Mary Leakey alivyoliona fuvu pale Olduvai mwezi Julai 1959, huku mumewe amelala kambini na homa, fuvu la miaka milioni 1.75, nikijisikia mwenyewe ninavyonoga, mara mkono mmoja unanyooka kule nyuma: "Madam, Adamu alikuwa wapi?" Na kipindi kilichotangulia kilikuwa cha Dini, na mchungaji bado yuko koridoni anakusanya vitabu vyake.

Nilidhani mtaala mpya utaniponya. Jumatatu nimemaliza kumuua Mkwawa vizuri kabisa, nimeweka uzalendo, nimeweka ujasiri, nimeshusha sauti mwishoni, wasichana wawili mbele macho yamewalenga machozi. Mkono ukanyooka. Kabinti kadogo, kametulia, kana daftari lililofunikwa kwa gazeti.

"Madam, kujiua ni kosa. Sasa hapo maadili ni yapi?"

Aliyeunganisha Historia na Maadili aliona kazi ni kuandika "na" katikati, akafunga kalamu akaenda kunywa chai. Hakusimama mbele ya watoto 94 wanaosubiri jibu. Nikasema swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho. Shida ni kwamba kipindi kijacho pia ni changu.

Kidato cha Pili naomba tuwapite. Umri ule hauna historia, una chunusi.

Jumanne, Kidato cha Tatu, ndiko aliko Mkwawa rasmi: kuingia kwa ukoloni, upinzani, kushindwa kwa upinzani. Hapa tatizo linageuka. Nusu ya darasa ni Wahehe, na Mhehe wa Kidato cha Tatu hafundishwi habari za Mkwawa, anakusahihisha. Nikitaja Lugalo wanakaa wima. Mmoja alinieleza babu yake alivyomweleza mahali pa kila jiwe. Nyundo anaanguka, darasa linashangilia, nami najiona mwalimu bora wa mkoa. Kisha kijana aliyetoka Songea, Mngoni, mtani wao wa halali, akauliza kwa sauti ya upole mno:

"Madam, na mwaka 1905, kwenye Majimaji, hawa walikuwa upande gani?"

Kimya. Kwa sababu swali hilo lina jibu, na jibu lake halipendezi hapa mjini. Wahehe hawakuingia vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na wako waliowasaidia Wajerumani hao. Songea wanaume wao walinyongwa 1906 kwa vita hivyo, na kaburi la pamoja lipo mpaka leo. Nilikuwa na dakika kumi na tano za kueleza jinsi watu waliopigwa miaka saba mfululizo wanavyochoka, na jinsi hesabu za utawala wa wakati ule zilivyokwenda. Nilitumia kumi kutenganisha madawati.

Mbaya zaidi, hao hao wa Kidato cha Tatu wananisikiliza. Nimefundisha miaka mingi nikiomba wanisikilize, sikujua ninaomba nini. Jumanne niliwapa kazi ya nyumbani na kwa kiherehere changu nikawaongezea utamu ambao haumo kwenye silabasi: kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, una Ibara ya 246 inayoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Wakuu wa dunia wamekaa Paris kugawana mataifa, na mtu wetu wa Kalenga yumo humo. Watoto walifurahi sana.

Kazi ilikuwa ikusanywe Jumatano. Ijumaa mmoja wao yuko mbele yangu mikono mitupu. Nikamuuliza liko wapi daftari. Akaanza kwa Kiingereza, maana ndiyo sheria ya shule, kikamwishia njiani, akahamia Kiswahili:

"Madam, Wajerumani walipewa miezi sita. Fuvu limerudi 1954. Mimi nimechelewa siku mbili."

Niambieni ningemwadhibu kwa lipi. Nilimpeleka kwa mwalimu wa taaluma aone matunda ya kusimulia tu. Akasema kijana ana akili, ahamishiwe Fizikia.

Kidato cha Nne hawamuui Mkwawa, na ndiyo maana simhesabu huko. Wanampanga kwenye hoja. Kwa nini upinzani wa Waafrika ulishindwa? Utangulizi, hoja sita, hitimisho. Silaha duni, moja. Kukosa umoja, mbili. Njaa na magonjwa, tatu. Na kwenye mabano, kama chumvi, "mfano Mkwawa". Ukiwapa swali lenye sababu nne, watatafuta mbili porini. Jumatano nilisahihisha insha ambayo hoja ya sita ilikuwa ile ya kwanza iliyobadilishwa shati. Nikamwita mwenyewe, nikamwonyesha. Akaniambia, "Madam, nilijua utakuwa umechoka ukifika hapo." Nilikuwa nimechoka, nilishampa alama.

Na swali lao ni moja tu. Nieleze nisieleze, nichore ramani, nilete jiwe la Isimila nitembee nalo mkononi, swali ni: "Madam, hii inatokaga?" Wana kitabu cha mitihani iliyopita, wanakijua kuliko wanavyowajua shangazi zao, na kutokana na hicho wamekata shauri kwamba Mkutano wa Berlin mwaka huu ni lazima na Mkwawa anaweza kungoja.

Ukitoka hapo unapanda Kidato cha Tano, watu wazima wenye ndevu mbili tatu na tahasusi ya HGL. Hawa hawakuulizi kitu. Wanakupinga. Mwaka huu ninaye mmoja ambaye amesoma kitabu cha Walter Rodney cha 1972, kile cha jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika, akakisoma chote, jambo ambalo nalipongeza, na tangu hapo hakuna kilichobaki duniani bila maelezo. Maharage ya bweni yana wadudu: ubepari. Maji yamekatika: ubepari. Nilipomuuliza kwa nini alichelewa namba asubuhi, alianzia karne ya kumi na tano.

Alhamisi nilimuua Mkwawa hapo mara ya tatu, nikaendelea na safari ya fuvu, maana Kidato cha Tano wanatakiwa wajue kupima vyanzo. Nikawaeleza kwamba gavana wa Kiingereza, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, ambako mafuvu yalijaa, wakachambua yale yaliyotoka huku kwetu kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na katikati ya hayo akachagua lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalileta Kalenga akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, huyu aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Wakasimama wanane kwa mpigo. Ushahidi hautoshi! Gavana alikuwa na maslahi ya kisiasa! Vipimo vya mafuvu ni sayansi ya kibaguzi! Mapigano ya hoja yalichukua vipindi viwili, nikapoteza na kile cha Kidato cha Sita ambao niliwaacha Ufaransa mwaka 1789, mlangoni mwa Bastille, na mpaka naandika hapa hakuna aliyekwenda kuwafungulia. Mwisho wake kiongozi wa darasa akanyoosha mkono akauliza kama "maslahi ya kisiasa" na "ubeberu" zinahesabiwa hoja moja au mbili.

Jioni hiyo nilitaka jambo moja tu: nivue viatu, nikae kimya, mtu asiniambie lolote lililotokea kabla ya saa kumi alasiri. Lakini jirani yangu ana wajukuu wawili, mmoja Darasa la Tatu na mwingine la Tano, wanaoleta madaftari yao barazani kwangu. Malipo ni maparachichi, na msimu ukiisha ni shukrani. Yule mdogo akaanza, kabla hata hajaketi.

"Bibi, shikamoo. Mkwawa ulimwona?"

Nina miaka 52. Nilimwitikia marahaba kwa shida. Nikamweleza kwamba sikumwona, bibi yangu pia hakumwona, ila mama yangu alikuwapo Kalenga siku fuvu liliporudi, akiwa na umri mdogo kuliko wake yeye, na alichokumbuka maisha yake yote ni vumbi na manyoya kwenye kofia ya gavana. Hilo la manyoya likawapendeza. Wakataka yote. Basi nikamuua Mkwawa mara ya nne, kwa sauti ya chini, bila uzalendo wala hoja, huku namenya parachichi. Hakuna aliyechukua kalamu. Nikafika Bremen, nikafika kwenye vipimo na tundu la risasi.

Yule wa Darasa la Tano akauliza kama wana hakika ni lake. Nikasema wengi wanaamini hivyo, na wapo wenye mashaka. Akaridhika, akafungua daftari.

Mdogo hakuridhika. Alikuwa anazungusha kokwa la parachichi sakafuni.

"Bibi, kama ni la mtu mwingine, nyumbani kwao wanajua liko Kalenga?"

Nikafungua kinywa. Nina shahada, nina miaka ishirini na kitu kazini, nimehudhuria semina sita za mafunzo ambazo tulipewa hadi begi. Kwa bahati bibi yake akaita kutoka uwani kwamba ugali unapoa, wakakimbia wote wawili, kokwa likabaki pale sakafuni.

Nikavuta rundo la maandalio ya somo, maana mkuu wa shule anayataka yote kesho saa moja. La Kidato cha Tano lilikuwa juu. Mada, malengo, hatua za ufundishaji, vyote nilishajaza. Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu nikaandika ninayoandika siku zote: Somo limeeleweka.

Nikalifuta. Nikatazama saa, nikahesabu maandalio yaliyobaki, yalikuwa kumi na tisa. Nikaliandika tena.