Kesi ya Treni na Gari, Hakimu Ngedere

(Jumamosi asubuhi, Kingolwira, kilometa chache kabla ya Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam. Juu ya mkuyu Bundi anatafuta usingizi. Ngedere amegawa macho: moja barabarani, la pili relini. Chini ya mti amefungwa Mbuzi, anasubiri mnunuzi.)

NGEDERE: Shikamoo, Mzee Bundi.

BUNDI: Marahaba. Sema upesi nilale. Mwenzio ni wa zamu ya usiku.

NGEDERE: Nimeletewa kesi. Watu wa Dar wanagombana tangu juzi: mtoko wa siku moja Morogoro, waje kwa treni au kwa gari? Wamegawanyika kama Simba na Yanga. Wengine wameshaacha kupokea simu za wenzao.

BUNDI: Na hakimu ni wewe?

NGEDERE: Kesi za nyani zote huletwa kwangu, ya binadamu itanishinda?

BUNDI: Mimi na wewe tungejitoa. Umesahau 2024? Treni ya umeme imesimama, abiria wamekwama, Shirika la Reli likatoa taarifa: wenye makosa ni ngedere na bundi. Mradi umejengwa tangu 2017, wahandisi wametoka Uturuki na Ureno, nguzo za chuma mpaka upeo wa macho, halafu washitakiwa wawili: mmoja ana mkia, mwenzake ana manyoya.

NGEDERE: Marehemu hasemwi, Mzee. Tuendelee. Kielelezo cha kwanza: fedha. Treni ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya Dar hadi Morogoro daraja la kawaida iliwekwa shilingi 13,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, mdogo zaidi ya hapo anapakatwa bure. Baba, mama na watoto watatu wa shule: 45,500 kuja, 91,000 kuja na kurudi.

BUNDI: Na gari?

NGEDERE: Kilometa 190 na ushei kuja, nyingine hizo kurudi, ukizunguka mjini kidogo unakaribia 400. Lita ya petroli ukiihesabu elfu tatu, IST itaridhika na elfu themanini na kitu. Prado inataka laki na nusu, na haitosheki. Kwa hiyo mtu peke yake apande treni, familia iliyojazana kwenye IST ije kwa gari, na mwenye Prado asituletee hesabu hapa, aseme tu kwamba anataka kuonekana. Kesi imekwisha. Nani anadaiwa ndizi?

BUNDI: Haijaanza. Umeweka elfu thelathini ya tochi?

NGEDERE: Tochi?

BUNDI: Trafiki wa kwenye vibao vya 50. Kibaha yupo, Mlandizi yupo, Chalinze yupo, na yule wa chini ya mwarobaini hayupo mpaka umpite. Dereva anakanyaga 58 huku anatazama saa, anapigwa picha nzuri kuliko zote atakazopiga siku hiyo. Umeweka pancha? Umeweka mahindi, mihogo, korosho na maji ya chupa ambayo watoto hununuliwa kila gari linaposimama?

NGEDERE: Chakula wamebeba kutoka nyumbani, Mzee. Nimewaona asubuhi hii. Wana jokofu la plastiki, sufuria la pilau limefungwa kwa kanga, sufuria la pili la pilau la akiba, mkeka, meza ya kukunja, viti vya kukunja, spika kubwa kama kabati, jiko la mkaa, mkaa wenyewe, kuku wawili waliochinjwa na mmoja ambaye bado anajadiliwa, mwavuli wa ufukweni...

BUNDI: Ufukweni? Morogoro?

NGEDERE: Mji kasoro bahari, Mzee. Labda hawakulisikia hilo neno kasoro. Wana bwawa la kuogelea la kupuliza, pampu yake, taulo saba, nguo za kubadilisha mara tatu kwa ajili ya picha, pasi ya kunyoosha nguo za picha, na shangazi.

BUNDI: Shangazi naye ni mzigo?

NGEDERE: Yuko nyuma kabisa, chini ya meza ya kukunja.

MBUZI: Samahani, waheshimiwa. Katika mizigo hiyo mmeona kamba?

NGEDERE: Shahidi utaitwa, tulia.

BUNDI: Sasa nisikilize. Jambo ambalo hawaliweki kwenye hesabu ni dereva. Wanasema tunakwenda kutalii watu watano. Uongo. Wanatalii wanne, wa tano yuko kazini. Jumamosi iliyopita nilimwona mmoja hapa chini, ameshika usukani kwa mkono wa kulia, kushoto ana yai la kuchemsha, chumvi imemwagikia suruali. Mbele yake lori la Zambia, mbele ya lori hilo jingine la Kongo, mbele ya hilo sijui. Mkewe anamwambia, "Baba Neema, tazama milima!" Akajibu, "Nikitazama milima, nani atatazama lori?" Ndiye aliyelipa mafuta, ndiye aliyelipa tochi, na Uluguru ataiona Jumatatu kwenye simu ya shemeji yake.

NGEDERE: Kwa hiyo unatetea treni. Andika: Bundi ametetea treni.

BUNDI: Usiandike, sijafika huko. Treni ni kitu kizuri, nitasema bila kinyongo ingawa waya wake unatumaliza. Mjerumani alianza reli yake Dar mwaka 1905, akaifikisha Morogoro 1907, ikaenda taratibu mpaka Kigoma 1914. Ya kwake ilikuwa na upana wa meta moja. Hii ya sasa ni milimeta 1,435, umeme mtupu, mwendo unafika kilometa 160 kwa saa. Saa mbili hazijaisha, umeshaletwa. Na kila abiria ana haki ya kutazama nje, hakuna wa zamu. Sasa niulize wanatazama nini.

NGEDERE: Wanatazama nini?

BUNDI: Kibao cha spidi! Wameinua simu wote wanasubiri kile kiskrini cha ndani ya behewa kiandike 160. Kikiandika, wanashangilia kama wao ndio waliosukuma. Kisha wanashusha pazia kwa sababu jua linaharibu skrini, wanatuma video, wanahesabu waliopenda, na kabla hawajamaliza kuhesabu wanaambiwa Morogoro hii. Kiti cha dirishani kiligombewa tangu stesheni, ile iliyojengwa kwa umbo la tanzanite, mpaka watu wazima wakatoleana maneno. Aliyekipata alilala kuanzia Pugu.

NGEDERE: Jamani, hata Mto Ruvu hawauoni?

BUNDI: Hapo ndipo ninapokasirika. Ruvu unaujua? Maji yake yanatoka kwenye milima hii hii, Uluguru. Yanashuka, yanakusanyika, yanakwenda mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanasafishwa, yanaingia kwenye bomba la Kimara, la Sinza, la Temeke. Mtu amekunywa mlima huu tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Siku ya kuja kuuona, wa treni amelala, wa gari analaani lori. Halafu maji yakikatika wiki nzima anauliza, "Hivi kule juu kuna nini?" Kuna misitu inakatwa na mashamba yanapanda mlima, bwana! Ungetazama dirishani ungejua!

MBUZI: Mzee Bundi, shusha sauti. Utawafukuza wateja wangu.

NGEDERE: Wateja wako ndio watakaokula!

MBUZI: Najua. Lakini kila mtu na biashara yake.

NGEDERE: Turudi kwenye kesi. Abiria wa treni ameshuka. Baada ya hapo?

BUNDI: Ameshuka Kihonda. Hakuwa ameuliza kama stesheni iko mjini. Amevaa raba nyeupe kuliko nia yake. Anapiga picha jengo la stesheni, mbele, nyuma, ubavuni, na Uluguru nzima iko mgongoni mwake. Bodaboda kumi wamemzunguka: "Bosi, wapi?" Hajui wapi. Alichagua usafiri, hakuchagua pa kwenda. Mmoja anamshauri Rock Garden, mwingine Morningside, wa tatu anamwambia maporomoko ya Choma, ila kule unapanda kwa miguu na mwenyeji. Aliposikia miguu akauliza kama kuna sehemu yenye kiyoyozi. Saa sita kakaa, saa saba kaagiza, saa tisa nyama imefika, saa kumi anatafuta bajaji ya kumrudisha stesheni, maana tiketi ina saa yake na treni haimsubiri mtu aliyekwenda kunawa.

NGEDERE: Wa gari je, si yuko huru? Anasimama popote, anaondoka atakapo. Hata Mikumi anafika.

BUNDI: Uhuru ndiyo hoja kubwa ya gari na ni hoja ya kweli. Mwenye gari angeweza kuingia barabara ya Matombo, asimame akiona mtu anauza ndizi, ashuke, aongee. Anafanya hivyo? Kutoka Kimara mpaka hapa amesimama mara mbili, zote kwa trafiki. Na Mikumi wanayoisema ni kama kilometa mia moja mbele ya Morogoro. Hifadhi tangu 1964, zaidi ya kilometa za mraba 3,000, na barabara kuu inaikata kwa kilometa hamsini hivi. Basi wanapita barabarani, vioo vimefungwa, wanamwona swala mmoja na mkia wa mwingine, wanageuza. Getini hawakufika, kiingilio hawakulipa. Jioni wanaandika, "Tumetoka safari, Mikumi ni moto." Swala mwenyewe alikuwa anatafuta nafasi ya kuvuka kwa sababu yao!

NGEDERE: Pale kuna ubao wa faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, kwa dola. Nilisomewa bei ya twiga, nikasomewa na ya jamii yetu. Siku hiyo sikula.

BUNDI: Usilie. Tembo mwenyewe akigongwa hapewi hizo dola.

NGEDERE: Naona unawasema wote. Mahakama inataka kuelekezwa.

BUNDI: Basi ielekezwe kwa lile ninaloliona peke yangu, kwa sababu wewe saa mbili usiku umelala. Mimi naona kurudi. Safari ya gari ya siku moja ina sehemu mbili, na wanapanga moja tu. Asubuhi wametoka na dua, mikanda imefungwa, mwendo wa adabu. Usiku ni watu wengine. Yule baba wa yai ameamka saa kumi alfajiri, ameendesha, amepanga foleni ya nyama, amekunywa "mbili tu", zile mbili zisizojua kuhesabiwa, na kesho kuna ibada na keshokutwa kuna kazi. Watoto wamelala, mke amelala, shangazi hatuna taarifa zake. Anayekesha ni yeye na mimi. Anaovateki lori kwenye kona asiyoiona mwisho wake kwa sababu anataka kufika kabla ya saa tano. Kufika wapi? Kitandani! Mtu anahatarisha kitanda cha maisha kwa ajili ya kitanda cha usiku mmoja. Halafu nikilia juu ya mti mnasema Bundi ni uchuro. Silii uchuro, wapumbavu nyie, nalia namba za magari!

(Kimya kidogo. Lori linapita. Nyuma yake magari sita, la saba linatokeza pua.)

NGEDERE: Mzee, hiyo imekuwa hotuba.

BUNDI: Nimekaa nayo tangu Pasaka.

MBUZI: Naomba kutoa ushahidi kabla sijauzwa. Nimefungwa hapa muda wa kutosha kuwasikia wote. Wa treni na wa gari wanasema maneno yale yale: "Tumeenda kubadilisha hewa." Hewa ikishabadilishwa, naliwa mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimetoka wapi. Ningewaambia nimetoka upande wa Mgeta, kwenye ubaridi, kunakolimwa mboga na matunda wanayonunua sokoni Dar. Pazuri sana. Hawafiki.

NGEDERE: Mahakama imesikia. Hukumu ni hii. Anayekuja mjini Morogoro, kupanda mlima au kumtembelea ndugu, apande treni: ajue tangu nyumbani anashukia Kihonda, awe na namba ya mwenyeji, akate na tiketi ya kurudi mapema, asilale mpaka Ruvu upite. Na anayetaka treni kwa sababu ya mandhari asiishie hapa. Aendelee mpaka Kilosa na mbele yake, kwenye milima na mahandaki manne, ndiko reli inakoonyesha kazi yake. Anayetaka Mikumi ya kweli, Matombo au Mgeta, aje na gari: madereva wawili wanaopokezana, bia iwe ya asiyeshika usukani, na jua likianza kushuka wawe wamegeuza au wametafuta pa kulala. Hawana fedha ya kulala, basi waende karibu zaidi. Bundi, una nyongeza?

BUNDI: Moja. Mtu atakayefika Morogoro kwa chombo chochote, akale mbuzi, apige picha za sahani, arudi, na akiulizwa mlima ule unaitwaje aseme "ule mkubwa", huyo mwakani asisumbuke na treni wala gari. Abaki Kimara ale mbuzi huko huko. Bei ni ile ile.

MBUZI: Na mbuzi angekuwa mwingine.